Simfoni ya Okestra Mikononi mwa Watu Watatu

Chukua programu ya onyesho la muziki wa chumbani, uiweke mjini Moshi: jioni ya Jumamosi, ukumbi wa usharika, fidla moja, selo moja (dada mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito), piano moja. Kabla ya mapumziko, Trio ya Kwanza, yaani kazi ya ala tatu, ya Felix Mendelssohn. Baada ya mapumziko, Simfoni ya Pili ya Ludwig van Beethoven. Mwenye kujua muziki hata kidogo atausoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Simfoni ni kazi ya okestra. Hiyo ya Beethoven inataka filimbi mbili, obo mbili, klarineti mbili, fagoti mbili, pembe mbili, tarumbeta mbili, ngoma za timpani, na juu yake kundi zima la ala za nyuzi. Watatu wataipigaje? Na kama inapigika na watatu, okestra ilikuwa ya nini?

Maswali hayo ni ya haki, na yanachanganya kwa sababu ukumbini hutaona tofauti yoyote kati ya nusu ya kwanza na ya pili. Viti ni vilevile, watu ni walewale, ala ni zilezile. Lakini kazi moja ilitungwa kwa ajili ya watu watatu tangu nota ya kwanza, na nyingine ilitungwa kwa ajili ya umati, ikapangwa upya. Hizo ni kazi mbili za aina tofauti kabisa, na utamu wa programu ya namna hii uko hapo.

Tuanze na hilo la kupangwa upya, maana Moshi inalijua vizuri sana, ila hailiiti hivyo. Harusi ikitoka kanisani, mbele ya gari la maharusi kuna pikapu, na ndani ya pikapu kuna matarumbeta. Wimbo wanaopiga mara nyingi ni wa kwaya, uliotungwa kwa sauti nne za watu. Tarumbeta ya kwanza imeshika soprano, nyingine imeshika alto, tromboni iko kwenye tena, na lile dude kubwa la shaba begani mwa kijana mnene linatembea na besi. Maneno yamekwenda, wimbo umebaki, na hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kulalamika kwamba amepigwa wimbo nusu. Kuhamisha sauti nne kwenda ala nne, hata hivyo, ni kazi nyepesi: kila mstari unapata mwenyewe. Ugumu unaanza pale mistari ikiwa mingi kuliko mikono, nawe ukalazimika kuamua nini kibaki na nini kitupwe.

Muziki wa chumbani ni muziki ambao kila mstari unapigwa na mtu mmoja, bila mwongozaji mwenye fimbo mbele. Zamani ulipigwa sebuleni, nyumbani kwa wenye uwezo, mara nyingine bila msikilizaji yeyote zaidi ya wapigaji wenyewe. Ukikosea hakuna wa kukuficha. Kwenye kwaya ya watu arobaini, mwimbaji mmoja wa sauti ya tena akipotea ukurasa anafumba mdomo, wenzake wanaziba pengo, maisha yanaendelea. Kwenye trio, selo ikinyamaza pasipotakiwa, ukumbi wote umejua.

Fidla yenyewe si mgeni kwa msikilizaji wa Kiswahili. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, na taarabu ya mtindo huo imelea vizazi vya wapiga fidla na wapiga selo. Ila namna ya kupiga ni nyingine. Katika taarabu ile ya zamani, fidla, filimbi na kanuni kwa sehemu kubwa zinafuata melodi moja, kila mmoja akiipamba kwa vidole vyake, na mwimbaji ndiye mwenye nyumba. Katika trio ya Mendelssohn hakuna mwenye nyumba. Melodi inatoka kwa selo, inachukuliwa na fidla, inaingia kwenye piano, na aliyeiachia hakai kimya: anapewa kitu kingine cha kufanya chini yake. Ukitaka kuisikia kazi hii vizuri, acha kutafuta mwimbaji mkuu. Fuatilia nani ameshika melodi sasa hivi na wengine wawili wanafanya nini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za mtunzi Joseph Haydn, kabla ya Beethoven, trio ilihesabika karibu kuwa kazi ya piano yenye wasindikizaji. Piano za wakati huo zilikuwa na besi dhaifu, hivyo selo ilipewa kazi ya kurudia mkono wa kushoto wa mpiga piano ili besi isikike. Mpiga selo alikaa jioni nzima akimsaidia mwenzake kunenepesha sauti. Beethoven alipochapisha trio zake tatu za kwanza mwaka 1795, na kuziita kazi namba 1, alianza kuifungua selo kutoka kwenye kamba hiyo. Halafu piano yenyewe ikabadilika. Fremu ikaimarishwa kwa chuma, nyuzi zikakazwa zaidi, sauti ikawa kubwa. Mtunzi wa miaka ya 1830 alikuwa na tatizo lililogeuka juu chini: sasa piano ilikuwa na nguvu ya kuwameza wenzake wawili mchana kweupe.

Mendelssohn alikutana na tatizo hilo mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 30, mwongozaji wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig. Alipoandika rasimu ya kwanza ya Trio katika D maina, ngazi ya sauti yenye ladha ya huzuni ambayo nyumba yake ni nota D, rafiki yake Ferdinand Hiller aliisikia, akamwambia ukweli: sehemu ya piano imepitwa na wakati. Hiller alikuwa ametoka kuishi Paris, alikosikia vidole vya wapiga piano Liszt na Chopin, na mitindo ya Mendelssohn akaiona ya kizamani. Wapo watunzi ambao wangenuna. Mendelssohn alirudi mezani akaiandika upya sehemu hiyo ya piano. Kwa hiyo mafuriko ya nota utakayoyaona kwenye mikono ya mpiga piano, vidole vikienda huku na huko bila kupumzika, ni matokeo ya ukosoaji wa rafiki. Mtunzi mwenzake Robert Schumann alipoihakiki kazi hiyo aliiweka juu kabisa ya trio za wakati wao, akamwita Mendelssohn Mozart wa karne ya 19. Sifa hiyo ya pili naiona imezidi kidogo. Ile ya kwanza sina ubishi nayo.

Leipzig, kwa njia, si mji wa mbali sana na Kilimanjaro kama ramani inavyodai. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig, na nyimbo za ibada za sauti nne zinazoimbwa leo kwenye sharika za mlimani zina ukoo na mji huo aliofanyia kazi mtunzi Bach, na baadaye Mendelssohn. Hata matarumbeta ya kanisani ni mila ya Kijerumani. Hawakuja na trio kwenye mizigo yao. Lakini sikio la mtu aliyekulia kwenye kwaya ya KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, limeshazoeshwa jambo moja ambalo trio inalidai: kusikia mistari kadhaa kwa wakati mmoja na kujua kila mmoja unaelekea wapi. Huo ni mtaji mkubwa, na wenye nao wengi hawajui kwamba wanao.

Sasa trio yenyewe. Inachukua takriban nusu saa, ina sehemu nne. Inaanza kwa selo, peke yake juu ya piano, na piano haipigi kwenye mapigo bali katikati yake. Melodi ni pana, ya utulivu wa nje, na chini yake kuna mapigo yanayokimbia bila kutua. Mvutano wa sehemu yote ya kwanza umetegwa hapo ndani ya sekunde chache. Fidla inaingia baadaye. Angalia upinde wa selo wakati huo: unakwenda polepole, karibu na uzi, na mpigaji hawezi kuongeza nguvu tu ili asikike, kwa sababu akikandamiza sauti inakwaruza. Ni mpiga piano anayepaswa kujizuia, na nota zake ni nyingi kuliko za wenzake wawili wakijumlishwa. Nikitaka kujua kama kundi ni zuri, simwangalii mpiga fidla, namwangalia mpiga piano katika dakika hizo za kwanza.

Sehemu ya pili inaanzwa na piano peke yake, kwa wimbo mtulivu ambao ungeweza kuupatia maneno na kuuimba. Ya tatu ni skerzo, nyepesi, ya mbio, imekwisha kabla hujakaa sawa. Ya nne inarudi kwenye msukosuko wa D maina, na katikati yake selo inaleta melodi pana ya ghafla ambayo haifanani na kitu chochote kilichoizunguka. Kazi inamalizikia D meja, ngazi ya nota ileile yenye ladha ya uchangamfu. Kama kuna sehemu moja ya kukaa macho kabisa, ni mgeuko huo wa mwisho.

D hiyo si bahati tu. Fidla ina nyuzi nne: G, D, A, E. Selo ina zake: C, G, D, A. Uzi wa D uko kwenye ala zote mbili, na ukipiga D mahali popote, nyuzi hizo zilizo wazi zinatetemeka zenyewe kwa kuitikia. Ala inalia zaidi kwa nguvu ileile ya mkono. Simfoni ya Pili ya Beethoven nayo iko kwenye D, D meja, kwa hiyo jioni nzima inazunguka sauti moja. Kwa mwalimu wa kwaya anayefundisha kwa nota za sol-fa: D ya Mendelssohn ni La, D ya Beethoven ni Do. Sauti ni ileile, nyumba ni mbili.

Baada ya mapumziko, hesabu inabadilika. Beethoven aliimaliza simfoni hii mwaka 1802, mwaka ambao alikwenda kukaa Heiligenstadt, nje ya Vienna, na kuandika ile barua kwa ndugu zake kuhusu kupoteza kusikia na fikra za kifo. Muziki wenyewe haujabeba huzuni hiyo. Umejaa kiburi na mizaha. Ulipigwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 1803 kwenye ukumbi wa Theater an der Wien mjini Vienna, katika onyesho ambalo leo lingeitwa mateso: simfoni mbili, konseto ya piano (piano mbele ya okestra), na kazi ndefu ya waimbaji na okestra, vyote usiku mmoja. Mazoezi yalianza saa mbili asubuhi siku hiyohiyo. Mchana wanamuziki walikuwa wamechoka na hasira zimepanda, mpaka Mwanamfalme Lichnowsky, mfadhili wa Beethoven, akaagiza mikate, nyama na mvinyo viletwe kwa vikapu.

Baada ya usiku kama huo, mtu wa kawaida angeisikia tena lini simfoni hiyo? Pengine asiisikie tena maishani. Mashine ya Edison ya kunasa sauti ilikuja 1877. Kabla ya hapo, muziki ulikuwepo pale tu ulipokuwa unapigwa, na okestra hazikuwa kila mji. Familia yenye piano na vijana wawili wanaopiga nyuzi ndiyo iliyokuwa redio. Wachapishaji walilijua soko hilo, na simfoni ikitoka tu, mipangilio ya piano ya mikono minne, ya ala nne za nyuzi au ya trio ilifuata, mingine kwa ruhusa ya mtunzi na mingi bila. Beethoven alikasirika. Mwaka 1802 alitoa tangazo kwenye magazeti kuwaonya wanunuzi kwamba kazi mbili zilizokuwa zikiuzwa kwa jina lake kama kwinteti, yaani kazi za ala tano, ni mipangilio ya watu wengine. Lakini si kwamba alipinga jambo lenyewe. Alitaka lifanywe na mwenye kujua. Septeti yake, kazi ya ala saba iliyopendwa mno, aliigeuza mwenyewe kuwa trio, na Simfoni ya Pili ikachapwa Vienna kwa piano, fidla na selo, jalada likisema imepangwa na mtunzi mwenyewe. Wapo wataalamu wanaoona mkono wa mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, ndani ya kazi hiyo. Hata ikiwa hivyo, Beethoven aliikubali itoke kwa jina lake.

Mpangaji anafanyaje? Kwanza anatupa marudio. Kwenye okestra, nota moja mara nyingi imeshikwa na ala tano, sita. Ukiziondoa nne, hakuna nota iliyopotea, umepotea uzito tu. Kisha anashughulika na tatizo la piano kufa. Ukibonyeza kitufe, nyundo inagonga nyuzi, na tangu sekunde ileile sauti inaanza kufifia. Hakuna kidole kinachoweza kuizuia. Pembe za okestra zinashika nota ndefu kwa pumzi, na upinde unashika kwa mkono. Kwa hiyo kila kilichokuwa kirefu na kilichotulia kinatafutiwa nafasi kwenye fidla au selo, au piano inalazimika kukitetemesha, kuzigonga nota mbili kwa kupokezana haraka sana ili sikio lidanganyike kwamba sauti imedumu. Ngoma za timpani nazo zinakwenda huko huko, chini kabisa kwenye mkono wa kushoto.

Kinachopotea kweli ni rangi. Kwenye sehemu ya pili, Larghetto (yaani polepole kiasi), okestra inaanza kwa nyuzi zikiimba melodi moja tulivu, halafu melodi ileile inarudiwa na klarineti na fagoti. Nota hazijabadilika, aliyebadilika ni msemaji, na marudio hayo yana maana kwa sababu hiyo. Watu watatu hawana klarineti ya kuitoa mfukoni. Wanachoweza ni kubadilisha mkono: melodi ihame ala, mguso uwe mwepesi, upinde uondoke karibu na daraja linaloshikilia nyuzi. Kama wakirudia vilevile, utasinzia, na kosa litakuwa lao.

Skerzo, kwa upande mwingine, kwa maoni yangu inafaidika. Beethoven anarusha vipande vya nota tatu tatu kutoka kundi moja la okestra hadi jingine, kimoja kwa kishindo, kinachofuata kwa kunong'ona. Kwenye ukumbi mkubwa mizaha hiyo inapita juu ya vichwa. Ikipigwa na watatu waliokaa hatua mbili kutoka kwako, unaona kipande kikitoka kwa huyu na kumfikia yule, macho yao yakikutana kabla ya kishindo. Vivyo hivyo mwanzo wa sehemu ya mwisho, ule mruko wa ghafla wenye mtetemo mwishoni; mhakiki mmoja wa wakati ule, aliyekerwa na simfoni hii, aliifananisha na joka lililojeruhiwa likikataa kufa. Kwa fidla moja, joka ni dogo, lakini unaliona meno.

Na okestra ilikuwa ya nini, basi? Jibu liko karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Besi inapanda nusu hatua kwa nusu hatua, kila kundi likiongeza juu yake, mpaka tarumbeta na timpani zinafunguka zote pamoja. Kwenye mpangilio wa trio nota hizo zipo. Wapigaji watatoka jasho, piano itanguruma. Lakini kuna kitu ambacho hewa iliyosukumwa na watu wengi kwa pamoja inafanya kifuani mwa msikilizaji, na hakuna mpangaji, hata Beethoven, aliyekipata kwa mikono sita. Mpangilio unakuonyesha mifupa ya simfoni. Kishindo chenyewe utakipata kwa okestra tu.

Kwa mazingira yetu, mtindo huu una faida ya kawaida kabisa: hauhitaji umeme. Ala hizi tatu zinatosha kwenye ukumbi wa watu mia mbili bila maikrofoni, kwa hiyo umeme ukikatika kinachohitajika ni taa za kusomea nota. Waandaaji wetu wana mazoea ya kupitisha kila sauti kwenye spika. Kwa trio, ziacheni spika stoo. Adui ni wengine. Wa kwanza ni jenereta la jirani. Wa pili ni mvua ya masika juu ya bati, ambayo haiachi hata nota moja ya sehemu ya polepole. Wa tatu ni piano yenyewe: mbao zake hunyonya unyevu mvua zikianza na kukauka kiangazi, na sauti inapanda na kushuka pamoja na msimu. Utaona kabla ya kuanza mpiga piano anagonga A, na fidla na selo wanakaza au kulegeza nyuzi zao kuifuata. Hata kama A hiyo imeshuka, wao ndio wa kuifuata, kwani fidla inarekebishwa sauti kwa dakika moja na piano inamtaka fundi kwa saa kadhaa.

Limebaki suala la makofi, ambalo linawatia watu woga kuliko muziki wenyewe. Desturi ya sasa ni kusubiri mpaka sehemu zote nne ziishe. Ni desturi changa. Enzi za Beethoven watu walipiga makofi baada ya kila sehemu, na sehemu ikiwafurahisha waliitaka irudiwe. Mendelssohn alikuwa mmoja wa waliochoshwa na mikatizo hiyo. Alipotoa Simfoni yake ya Skoti mwaka 1842 alielekeza sehemu zake zifuatane bila kusimama. Kwa hiyo mama wa mstari wa nyuma akiachia kigelegele baada ya skerzo, hajavunja sheria yoyote ya watunzi. Wapigaji watainamisha vichwa kushukuru, watafungua ukurasa, wataendelea na sehemu ya nne.